Dakika Tano Nje ya Kiti

Ulikuwa ufagio. Nakijwa aliusikia kabla jogoo hajawika, ule mkwaruzo wa chelewa juu ya udongo mkavu, polepole, bila papara, kama wa mtu anayefagia ua wake mwenyewe.

Dawa za usingizi alizopewa hospitali zilikuwa zimekwisha jana. Alilala chali, macho wazi, akasikiliza. Kwanza mbele ya mlango. Kisha kuelekea jikoni. Pakawa kimya kidogo, bila shaka mtu ameinama kuokota kitu, halafu mkwaruzo tena, sasa upande wa migomba.

Nyumbani humo hakuishi mtu mwingine. Mumewe alikwisha kufariki. Mwanawe, Elieneza, alikuwa na kazi na familia Dodoma. Nakijwa mwenyewe, mwenye miaka sabini na miwili, alikuwa amevunjika nyonga siku themanini na tisa zilizopita alipoteleza kwenye mfereji wa maji. Tangu arudishwe kutoka hospitali hakuwa amekanyaga udongo wake hata mara moja. Alitoka kitandani hadi kwenye kiti na kurudi, akijikokota kwa fremu ya chuma, na daktari alikuwa amemwambia avumilie wiki sita zaidi.

Siku hizi, katika kitongoji chao huko milimani Upare, hakuna aliyemfagilia mwenzake ua. Si kwamba watu walikuwa na roho mbaya. Kila nyumba ilikuwa na mawe bapa yaliyopangwa kutoka njiani hadi mlangoni, na mgeni mwenye adabu alipita juu ya mawe hayo. Akinamama wa kwaya walimletea Nakijwa chakula kila siku kwa zamu, wakirukaruka juu ya mawe kama watu wanaovuka mto. Mama Mbazi alikuja siku moja mvua inanyesha, amebeba sufuria ya makande ya moto, jiwe linateleza, na bado hakuacha hata kisigino kiguse udongo. Nakijwa alimshukuru kwa makande, na kwa kile kisigino akamshukuru zaidi.

Na sasa mtu alikuwa anafagia.

"Nani huko?" aliita.

Ufagio ukasimama. Kisha ukaendelea, mwendo uleule.

Mwizi angekimbia. Huyu aliendelea kama mtu aliyeulizwa swali lisilomhusu. Nakijwa alijivuta hadi dirishani, jasho likimtoka kwa maumivu, akachungulia. Aliona mgongo wa mwanamke, kitambaa cheusi kichwani, khanga imefungwa kiunoni. Miguuni hakuwa na kitu. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa vizuri kando ya njia.

Mtu alivua viatu kwa sababu moja tu. Bikoni za kwenye kona za shamba zilisoma vizuri zaidi ngozi tupu.

*

Mrutu, mtunza daftari wa kitongoji, alifika saa tatu asubuhi. Alipita juu ya mawe, kishikwambi kwapani, na mkononi kilo mbili za sukari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo sukari ya nini?"

"Jamani, mama, mtu haruhusiwi kukuletea sukari?"

"Ameruhusiwa. Ila ni miaka saba sijaiona."

Mrutu alicheka kidogo, akaiweka mezani, akakaa. Alikuwa kijana mwembamba wakati Nakijwa alipomfundisha kazi ya daftari. Sasa alikuwa na kitambi na watoto watatu, na kiti alichokalia ofisini kilikuwa kilekile alichokalia Nakijwa kwa miaka kumi na miwili kabla yake.

"Nisomee," Nakijwa alisema.

Hakuhitaji kueleza asomewe nini. Kila shamba lilikuwa na bikoni nne, moja kila kona, na chini ya udongo nyuzi za shaba nyembamba kama nywele zilitambaa kutoka bikoni hadi bikoni. Nyuzi hizo zilipima uzito wa mguu, zilionja jasho, zilijua mkono uliokamata jembe. Kila jioni zilipeleka habari kwenye daftari. Serikali ilizileta baada ya kuchoshwa na hati za karatasi, pale ilipoonekana kwamba nusu ya mashamba ya mlimani yalikuwa mali ya watu wa mjini ambao hata njia ya kuyafikia hawakuijua. Sheria mpya ilikuwa fupi. Mkono wa mtu mwingine ukifanya kazi juu ya ardhi siku tisini, mwenyewe hajaikanyaga wala hajapinga, ardhi inamhamia yule mwenye mkono. Isipoguswa na mtu yeyote siku mia, inarudi kwa halmashauri ya kijiji.

Wengi waliipigia makofi sheria hiyo, Nakijwa akiwamo. Baadaye ndipo watu walipoona kwamba msaragambo umekufa. Nani angewaita majirani thelathini waje na majembe yao, ardhi yenyewe ikiwasikiliza?

"Siku themanini na sita," Mrutu alisema, kidole juu ya kioo. "Alianza siku tatu baada ya wewe kuanguka. Amefagia, amepalilia, amekata majani ya migomba, amezibua mfereji. Juu na chini, shamba lote. Ni Namsifu Kadeghe."

Nakijwa alishika ukingo wa kiti.

"Binti wa Kadeghe yule?"

"Kuna Kadeghe mwingine?"

Nje kuku walikuwa wanaparua. Nakijwa alihesabu kimoyomoyo.

"Zimebaki siku nne."

"Ndiyo maana nasema upinge, mama. Neno moja tu. Sema napinga, bikoni itakusikia hata kutoka hapo ulipo, na siku zake zote zinafutika."

"Halafu?"

Mrutu alijikuna shingo. "Halafu shamba litahesabika halijaguswa tangu ulipoanguka."

"Themanini na tisa. Zikifika mia ni la halmashauri. Siku kumi na moja, Mrutu, na mimi nina wiki sita."

"Elieneza atakuja."

"Na ambaye amekuwa akiulizia kiwanja cha ghala la parachichi hapo halmashauri ni nani? Si kaka yako?"

"Mama!" Mrutu alisimama. "Mimi nimekuja kukusaidia."

"Ndivyo nilivyosikia."

Alipoondoka, Nakijwa aligundua jambo. Muda wote ule, Mrutu aliangalia kila mahali kupitia dirishani isipokuwa sehemu ya juu ya shamba.

Akampigia mwanawe. Elieneza alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Pinga leo leo, mama. Halafu nitakuja kushika mimi."

"Utakuja lini?"

"Nitaomba ruhusa. Hebu niambie kwanza, kule juu parachichi zimefika mashina mangapi?"

Nakijwa alikuwa amemnyonyesha mtoto huyu, amembeba mgongoni hadi kliniki usiku wa radi, na sasa alijiona akipima sauti yake kama mtu anayepima nguo sokoni. Alisema mtandao unakatika, akaweka simu chini.

*

Sehemu ya juu haikuwa yake tangu mwanzo. Ilikuwa ya Kadeghe, jirani yake, mzee aliyefiwa na mkewe. Miaka saba iliyopita Kadeghe aliugua mapafu akalazwa mjini, na migomba yake ikaanza kukauka. Nakijwa hakuweza kuiona inakufa. Alipanda kule juu kila asubuhi, akaifungulia maji zamu ya ndiva, bwawa la kijiji, ilipofika, akaondoa majani makavu. Kila Alhamisi alichukua chane ya ndizi mbivu kutoka kwenye migomba hiyohiyo, akaifuta vumbi kwa khanga yake, akampelekea mgonjwa hospitali.

Alijua sheria. Nani angeijua kuliko yeye? Sheria iliruhusu mtu kushikilia ardhi kwa niaba ya mwenzake, lakini wote wawili walipaswa kusimama juu ya udongo huo na kutamka mbele ya mtunza daftari. Kadeghe hakuweza kusimama hata kando ya kitanda. Nakijwa alijiambia watatamka akirudi.

Siku ya tisini daftari lilimletea swali akiwa ofisini. Je, umiliki uhame? Angeweza kukataa. Alikumbuka mstari wa miparachichi midogo aliyoipanda kule, na mgongo wake ulivyouma kwa ajili ya ardhi ile, na jinsi alivyoanza, bila kujua ni lini, kusema "kule kwangu juu." Lakini mtunza daftari haruhusiwi kujihamishia ardhi kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo aliinuka kwenye kiti.

"Mrutu, hebu nikalie dakika tano."

Alitoka nje, akasimama barazani, akaangalia mawingu. Dakika tano alikuwa si mtunza daftari. Ndani, kijana wa miaka ishirini na minne alikuwa mtunza daftari, naye alibonyeza ndiyo. Nakijwa akarudi, akakaa.

Kadeghe alirudi miezi miwili baadaye, akafikia kwa dada yake, hakumlaumu mtu, akafa.

*

Kesho yake Nakijwa hakusubiri ufagio. Aliamka mapema zaidi, akajikokota na fremu yake hadi kizingitini, akakaa kwenye kigoda, miguu ndani. Mwanga ulikuwa bado wa kijivu Namsifu alipofika. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye paji pana kama la baba yake. Alivua viatu, akavipanga, kisha akamwona.

"Shikamoo, Mama Elieneza."

"Marahaba. Mtu anayekuja kuniibia ananiamkia?"

"Sijaja kuiba."

"Siku themanini na saba leo. Usiniambie hujui kuhesabu."

"Nahesabu kuliko wewe," Namsifu alisema. Alichukua ufagio ulioegemezwa ukutani, lakini hakufagia. "Siku ya kwanza nilikuja kwa moyo mbaya, sikufichi. Nilisikia umeanguka, nikasema, Mungu amefungua mlango. Nikafika nikakuta mbuzi wa watu wamekula maharage yako, na shati la marehemu mzee wako limeangushwa kwenye tope. Nikalifua. Liko kwenye kamba ya nyuma, hujaliona kwa sababu huwezi kufika huko."

Nakijwa aligeuza kichwa kuelekea nyuma ya nyumba.

"Baba hakuwahi kusema umemwibia," Namsifu aliendelea. "Alisema, Mama Elieneza ananitunzia migomba. Mpaka anakata roho, hilo ndilo neno lake. Alinielezea ndizi za Alhamisi, ulivyokuwa unazifuta. Mimi ndizi zile zilinisumbua. Mtu anayefuta ndizi hivyo, anachukuaje shamba? Nilitaka kujua ni siku gani mtu anageuka. Nikasema nitahesabu mwenyewe, nione."

"Umeona?"

"Siku ya arobaini nilimwambia mume wangu nachelewa, napalilia kwangu. Neno likanitoka hivihivi. Nililia njiani." Alimtazama Nakijwa usoni. "Na sikuacha kuja. Kwa hiyo sijui mimi ni mtu gani, Mama Elieneza. Ndiyo maana nakuja giza halijaisha."

Nakijwa alitafuta uongo kwenye uso ule, akautafuta kwa bidii, kama alivyoutafuta kwenye sukari ya Mrutu na kwenye sauti ya mwanawe. Pengine ulikuwapo. Mtu mjanja angesema ukweli kwanza ili aaminiwe baadaye.

"Unaweza kusimama na mimi," alisema hatimaye, "ukatamka kwamba unashikilia kwa niaba yangu mpaka nipone?"

"Sehemu ya chini, natamka hata leo. Sehemu ya juu mdomo utakataa."

"Daftari linajua shamba moja. Haligawanyiki bila sababu."

"Sababu unayo wewe."

Kwa hiyo alijua. Kama hakujua dakika tano zenyewe, alijua kwamba kuna kitu. Nakijwa aliangalia ua uliofagiliwa nusu.

"Nikiisema sababu hiyo," alisema, "nitaandikwa mtu asiyeshika. Miaka kumi. Hakuna ardhi, hakuna nyumba, hakuna ofisi. Na mtu asiyeshika hawezi hata kushikiliwa kwa niaba. Unaelewa? Hata ukitaka kunisaidia, sheria haitakuwa na mahali pa kuliandika jina langu. Sehemu ya chini nayo itakuwa yako siku ya tisini, au ya halmashauri. Mimi nitakuwa ninalala humu ndani kwa sababu wewe hujanitoa, basi."

Namsifu aliugeuza ufagio mkononi.

"Baba alilala hospitali hivyo hivyo," alisema. Akainama, akaanza kufagia.

*

Siku ya themanini na tisa, saa kumi alasiri, Nakijwa alimwita Mrutu, akamwomba Namsifu aje. Kisha akasogeza fremu yake nje ya kizingiti, akaweka mguu wa kushoto chini, akaweka wa kulia. Udongo ulikuwa wa vuguvugu. Maumivu yalipanda hadi kwenye meno. Namsifu alitoa mkono ampe, akaurudisha, akautoa tena, na safari hii Nakijwa aliupokea.

Kona zote nne taa ndogo za bikoni ziliwaka kijani. Zilikuwa zimemtambua.

"Mama, umepona!" Mrutu alisema kwa furaha iliyozidi kipimo. "Basi mambo yamekwisha. Umekanyaga udongo, siku zote zimefutika, zake na za halmashauri. Huna haja ya kusema kitu. Nenda kapumzike."

Na kweli yalikuwa yamekwisha. Nakijwa hakuwa amelifikiria hilo, au pengine alilifikiria. Hatua mbili tu, na shamba lote lilikuwa lake tena kisheria, la juu na la chini. Kando yake aliuhisi mkono wa Namsifu ukilegea, lakini haukuachia. Kama ungeachia, angeanguka.

"Fungua daftari," Nakijwa alisema.

"Mama."

"Fungua la miaka saba iliyopita."

Mrutu alisogea karibu, akashusha sauti. "Mama, mimi nina watoto watatu. Nilikaa kwenye kile kiti kwa sababu wewe ulisema nikae."

"Hicho ndicho nitakachosema. Simama hapo usikie." Kisha akaongea kwa sauti ya ofisini, sauti aliyokuwa hajaitumia kwa miaka. "Mimi Nakijwa, nikiwa mtunza daftari, nilijihamishia ardhi ya Kadeghe. Niliinuka kwenye kiti dakika tano ili ionekane si mimi. Aliyekaa alikuwa kijana wangu wa kazi, nilimwamuru, hakujua anachobonyeza. Nilitunza migomba ya jirani yangu kwa nia njema. Nia ikabadilika, sikumwambia."

Hilo la Mrutu kutojua halikuwa kweli. Mrutu aliangalia chini, na kwa mara ya kwanza wiki ile Nakijwa aliona uso wake ukiwa hauna hila yoyote, ni uso wa mtu aliyesamehewa mbele ya watu.

Kioo cha kishikwambi kilibadilika rangi. Mrutu alisoma taratibu, sauti inakwama. Sehemu ya juu imerudi kwa warithi wa Kadeghe. Nakijwa hana haki ya kushika kwa miaka kumi. Hatua zake za leo hazihesabiki. Sehemu ya chini, pamoja na nyumba, haina mwenyewe, mkono uliopo ni wa Namsifu, siku themanini na tisa.

Taa za kijani zikazimika. Nakijwa alikuwa amesimama palepale kwa uzito wake wote, na ardhi haikumjua.

Mrutu aliondoka bila kuaga. Namsifu alimrudisha ndani hatua kwa hatua, akamkalisha kitini, akamwekea mto nyuma ya mgongo pale hasa ulipohitajika. Kisha akasimama mlangoni, akiangalia shamba. Nakijwa aliuchunguza mgongo ule. Ungeweza kuwa wa mtu anayefikiria, au wa mtu anayepima ukuta uvunjwe wapi. Simu mezani iliwaka jina la Elieneza, ikazima, ikawaka tena.

"Hujanipa ahadi yoyote," Nakijwa alisema.

"Ungeiamini?"

"Leo? Hapana."

"Basi sitakupa." Namsifu alivaa kiatu kimoja, akatafuta kingine kwa mguu.

"Namsifu."

"Abee."

"Kesho njoo mapema ufanye kazi yako, siku zako zitimie. Usiwaachie halmashauri." Nakijwa alishika fremu ya chuma kwa mikono yote miwili, kana kwamba anataka kusimama tena. "Lakini keshokutwa, pakishakuwa pako, njoo tena. Usiwe na kazi yoyote ya kufanya. Njoo tukae tu."